Na Kondoo Je?

Wapwa zangu, sogeeni. Leo nina kesi ya wizi wa kondoo. Kesi yenyewe ina miaka kama elfu mbili na mia tano, na hadi leo wasomi bado wanaigombania.

Baba mmoja aliiba kondoo. Mwanawe akajua. Akaenda moja kwa moja kwa wakubwa, akasema: mwizi ni baba. Mtawala wa She, huko China, alimwonea fahari sana kijana huyo. Akamsimulia mgeni wake: kwetu watu ni wanyoofu, hata baba hawamfichi.

Mgeni alikuwa Confucius, mwalimu aliyezaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo katika dola ndogo ya Lu. Alizunguka miaka mingi akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Siku hiyo hakupiga makofi. Alijibu kwamba kwao unyoofu ni wa namna nyingine: baba humsitiri mwana, mwana humsitiri baba, na unyoofu umo humo humo.

“Ala! Mjomba, mwalimu mzima anamtetea mwizi?”

Vizuri sana! Swali hilo maprofesa wa China wameandikia vitabu, wewe umelitoa hujamaliza hata muhogo wako.

“Na kondoo je?”

Subiri. Kondoo atapata zamu yake.

Kwanza tumwelewe mzee. Mnaujua mto Ruvu. Maji yake yanatoka huku kwetu, Uluguru, na watu wa Dar es Salaam wanayanywa. Lakini hayaanzii Dar. Yanaanzia kwenye chemchemi, yanapita kwenye bustani za kabichi za Mgeta, yanashuka, mpaka yanamfikia mtu ambaye hajawahi kukiona kilele cha Bondwa. Confucius aliuona upendo hivyo. Unaanzia nyumbani, kwa baba na mama. Kisha unashuka kwa ndugu, kwa jirani, kwa mgeni. Ukimfundisha mtoto kumgeuka baba yake, umeziba chemchemi. Na chemchemi ikizibwa, mtu wa Dar atakunywa nini?

Wenye fikra wengi wa Magharibi hawakubishana na chemchemi. Walichotaka ni mita kwenye bomba. Mita haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Inapima maji ya tajiri, inapima ya maskini, inapima ya baba yako. Mjerumani mmoja, Immanuel Kant, aliyefariki mwaka 1804, alifundisha kwamba ukitaka kufanya jambo, jiulize kama ungekubali liwe sheria ya watu wote.

“Kwa hiyo Wachina wana chemchemi na Wazungu wana mita?”

Hapana, usikimbie hivyo! Watu wazima wengi hupenda kugawa dunia namna hiyo, na mimi hunikera.

Sikiliza kisa cha Ugiriki. Mwanafalsafa Plato alikiandika. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates alikuwa nje ya mahakama ya Athens, maana naye alikuwa ameshtakiwa. Akakutana na Euthyphro, aliyekuja kushtaki. Socrates akamuuliza: unamshtaki nani? Baba yangu! Amefanya nini? Ameua. Ilikuwa hivi. Kibarua wao alilewa, akamuua mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa shimoni, akamtuma mtu Athens kuuliza afanyeje. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alikufa kwa njaa, baridi na kamba. Euthyphro akasema haidhuru aliyekufa ni ndugu au si ndugu. Aliyeua kwa dhuluma ashtakiwe.

Mnaona? Hiyo ni mita kabisa. Lakini ndugu zake walimkasirikia, na Socrates mwenyewe alishangaa. Akaanza kumuuliza: wema huo unaousema ni kitu gani hasa? Euthyphro akajibu. Socrates akauliza tena. Euthyphro akajibu tena. Wakazunguka, wakazunguka, wakarudi walipoanzia. Mwishoni Euthyphro akasema ana haraka, akaondoka. Kesi ya baba yake hatukuambiwa iliishaje.

Nao Wachina hawakuwa na kauli moja. Han Feizi, aliyekufa mwaka 233 kabla ya Kristo, alisimulia kisa cha kondoo kwa namna yake. Kwake yeye, ofisa aliamuru mtoto auawe kwa kumsaliti baba. Han Feizi akawacheka watu wa Confucius: mkimuua anayetaja wezi, kesho nani atawataja?

“Mjomba, na kondoo je?”

Haya, mwacheni aseme.

“Mee! Mimi ndiye kondoo wa kesi. Miaka yote hii mnabishana: baba, mwana, baba, mwana. Hakuna aliyeuliza zizi langu ni lipi. Mwenye mali amelala bila kondoo, na mimi nimefungwa nyuma ya nyumba ya watu nisiowajua. Mee!”

Kondoo ana haki. Katika kisa kile hatajwi tena. Lakini kwingineko Confucius alifundisha kwamba mtoto akiona mzazi anakosea, amwambie kwa upole. Asiposikilizwa, asiache heshima, lakini pia asikate tamaa. Mimi nayasoma mafundisho hayo mawili pamoja. Mwana anasitiri jina la baba, na usiku huo huo anamng'ang'ania: baba, turudishe. Mtoto akisitiri halafu akanywa supu ya kondoo yule, hajasitiri kitu. Huyo ni mwizi wa pili.

Sasa tuihamishie kesi Mgeta. Huko kuna mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norway, waliletwa miaka ya 1980. Si mbuzi wa kuzurura. Anafugwa bandani, anakatiwa majani, anakamuliwa, maziwa yake ni ada ya mtoto. Asubuhi moja unaamka, unaona nyuma ya jiko kamba imekatwa kwa panga, na buti za baba zina tope bichi. Ndani ya gunia kuna kitu kinapumua.

Utafanya nini?

“Nitamwambia mama!”

“Nitamwambia mwenyekiti wa kijiji!”

“Nitakuambia wewe, Mjomba.”

Hapo Confucius angekuna kichwa. Ukoo alioujua yeye ulipita kwa baba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba la ukoo hufuata upande huo huo. Baba yako unampenda, unamheshimu, lakini ukoo wake ni mwingine. Mzee wako ni kaka yake mama. Mimi ningekuja jioni, bila kelele. Ningekaa na baba yako mpaka aone aibu mwenyewe. Mbuzi angerudi kwao kabla ya kukamuliwa asubuhi, pamoja na kitu cha kumpoza mwenye mbuzi. Na ungekuwepo wakati tunamrudisha, maana wewe ndiye uliyeona kamba.

“Na kama baba akikataa?”

Hapo chemchemi imeshindwa, na mita ina kazi yake. Twende kwa mwenyekiti.

Sheria nazo zimehangaika na jambo hili. Kanuni za ufalme wa Tang, huko China, za mwaka 653, zilimwadhibu vikali mtoto aliyemshtaki mzazi wake, isipokuwa mzazi amemwasi mfalme. Mwaka 2012 China ilirekebisha sheria yake ya kesi za jinai: mume au mke, wazazi na watoto wa mshtakiwa wasilazimishwe kufika mahakamani kumtolea ushahidi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inasema mke au mume, kwa makosa mengi, halazimishwi. Mtoto hakuwekwa humo.

“Na mjomba je?”

Ha! Nilijua utauliza. Hayumo China, hayumo Tanzania. Mbele ya hakimu mimi ni mtu baki kama muuza ndizi wa Kinole. Kwa hiyo wapwa zangu, mkiiba mbuzi wa watu, msinitegemee mahakamani. Nileteeni kesi kabla ya jogoo.