Pedeli Lazima Irudi

Mwaka 1964, huko Newport Beach katika jimbo la California, mtengenezaji wa mashua aitwaye Bruce Meyers aliunda gari dogo la wazi la kupandia vilima vya mchanga. Bodi yake ilikuwa ya faibaglasi, nyenzo aliyoizoea kwenye mashua, na mitambo yake ilitoka kwenye Volkswagen Beetle. Baada ya magari machache ya mwanzo alianza kutumia sakafu ya Beetle yenyewe, iliyokatwa na kufupishwa kwa takriban sentimita 36, na kwa njia hiyo bagi ya mchangani ikawa kitu ambacho mtu mwenye mashine ya kuchomelea angeweza kukijenga nyumbani kwake. Aprili 1967, Meyers na mwenzake Ted Mangels waliendesha gari hilo, Meyers Manx, kati ya La Paz na Tijuana nchini Mexico kwa saa 34 na dakika 45, wakaivunja rekodi iliyokuwa ya pikipiki kwa zaidi ya saa 5. Tangu siku hizo watu wengi wamejijengea bagi, na mazungumzo yao huwa zaidi juu ya nguvu: pistoni kubwa, kabureta mbili, matairi mapana. Waya mwembamba unaounganisha mguu wa dereva na injini husubiri mpaka mwisho, ukafungwa jioni ya siku ya mwisho ili gari lijaribiwe. Hapo ndipo kosa linapoingia. Mfumo wa mafuta wa bagi unapaswa kupangwa kuanzia kwenye kufunga, ndipo kufungua kufuate, kwa sababu kufungua kuna mguu wa mtu wa kukulazimisha, ilhali kufunga hakuna kingine cha kutegemea ila kazi ya fundi.

Tuangalie kwanza kinachotokea mtu anapokanyaga mafuta. Pedeli huvuta waya, waya huvuta mkono mfupi ulio ubavuni mwa kabureta, na mkono huo huzungusha kilango cha duara kilichoziba koo la kabureta. Kilango kikifunguka injini hupata hewa zaidi, na hewa hiyo huvuta petroli. Mguu ukiondoka, springi hurudisha kilango mahali pake. Waya una uwezo wa kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo safari ya kurudi haina msaada wowote wa dereva: akiona kilango kimekwama wazi, hata akiipandisha pedeli kwa mkono, waya utalegea tu na injini itaendelea kunguruma. Katika Beetle ya kiwandani waya huu una urefu wa takriban mita 2.6, maana dereva yuko mbele na injini iko nyuma. Hupita ndani ya mrija uliochomelewa kwenye uti wa kati wa sakafu, hutokea kando ya gia boksi, hupenya mrija mwingine ndani ya nyumba ya feni, kisha hubanwa kwa skrubu moja kwenye mkono wa kabureta. Njia hiyo imenyooka karibu kabisa, na wahandisi wa kiwanda waliinyoosha kwa makusudi.

Bagi huivuruga njia hiyo. Sakafu imefupishwa, kwa hiyo waya umezidi. Mara nyingi nyumba ya feni imebadilishwa na mrija wake umeondoka. Wengine hujenga fremu ya mabomba matupu isiyo na uti wa kati, wakatumia kebo ya kuagiza yenye waya ndani ya ganda, aina ileile iliyopewa hataza ya Ernest Bowden huko Uingereza mwaka 1896 na ambayo kila dereva wa bodaboda anaijua kwenye mkono wa kulia wa pikipiki yake. Kebo ya namna hiyo inapinda popote, na uzuri huo ndio unaowadanganya watu. Ikiwa ndefu kupita kiasi huizungushia kitanzi nyuma ya kiti, wakaridhika kwamba mkono wa kabureta unatembea.

Msuguano wa waya uliopinda haukui kwa kujumlisha, hukua kwa kuzidisha. Kanuni yake ni ya zamani, ni ileile inayoeleza kwa nini baharia anaweza kushikilia jahazi zima kwa kuzungusha kamba mara mbili tatu kwenye gogo la gatini. Tuchukue kebo ambayo kipimo chake cha msuguano ni 0.15, na tuseme pedeli na viungo vyake vinahitaji kilo 1 ya mvuto ili virudi. Kama kebo imenyooka, springi iliyo kwenye kabureta itatoa kilo 1 hiyo tu. Ikipinda nyuzi 90, itahitaji kama kilo 1.27. Ikipinda nyuzi 180, kilo 1.6. Ikizungushwa kitanzi kizima cha nyuzi 360, inahitaji zaidi ya kilo 2.5 kwa kazi ileile. Mapindo yote hujumlishwa, yale ya kulia na ya kushoto, ya juu na ya chini. Hakuna pindo linalofuta jingine. Na kipimo cha 0.15 ni cha kebo safi. Mchanga laini ukiingia ndani ya ganda na kukutana na grisi, huwa tope la kusagia, msuguano ukapanda, na hesabu zote hizo zikapanda pamoja nao. Ndiyo maana kebo yenye utando wa plastiki ndani ya ganda haipakwi grisi, na mdomo wa ganda unaoelekea juu unahitaji kifuniko cha mpira. Kebo ikiwa ndefu, dawa yake ni kuifupisha. Waya wa Beetle unaobanwa kwa skrubu ni rahisi: hubanwa mbele zaidi, kisha kipande kilichobaki huyeyushiwa bati kabla ya kukatwa ili nyuzi zisifumuke.

Baada ya njia ndipo zije springi. Kwa jambo hili Marekani ina sheria inayofaa kusomwa hata na mtu ambaye haimhusu. Kanuni ya usalama wa magari namba 124, iliyoanza kutumika mwaka 1973, inataka magari yawe na angalau vyanzo viwili vya nguvu vya kurudisha kilango, kila kimoja kikiweza kufanya kazi hiyo peke yake, na kwa magari mepesi kilango kirudi ndani ya sekunde 1 katika hali ya hewa ya kawaida. Inataka pia kilango kirudi hata kiungo kimoja cha mfumo kikikatika. Sharti hilo la mwisho lina maana kubwa kwa mjenzi wa bagi. Springi iliyofungwa kwenye pedeli peke yake haitoshi, kwa sababu waya ukikatika katikati, springi hiyo inavuta pedeli na kilango hakina habari. Springi mbili ziwe upande wa kabureta, na kila moja iwe na tundu lake na nanga yake. Nyingi huonekana zimening'inizwa kwenye kulabu moja. Kulabu hiyo ikivunjika, zote mbili zimekwenda, na fundi alikuwa na springi moja tu muda wote bila kujua. Springi ya tatu kwenye pedeli ni nzuri kwa kazi yake ndogo, kubeba uzito wa pedeli ili springi za kabureta zishughulike na kilango.

Pingamizi la kwanza ni la mguu. Springi nyingi, watu husema, huifanya pedeli iwe nzito, mguu huchoka, na dereva aliyechoka hawezi kupima mafuta kwa uangalifu anapopanda mchanga. Hoja hii ina ukweli, lakini imemshika mtuhumiwa asiye na hatia. Springi inahitaji kuushinda msuguano na kubakiza akiba kidogo. Msuguano ukiwa mdogo, springi mbili nyepesi zinatosha na pedeli inabaki laini. Anayelalamika kwamba pedeli ni nzito na aitoe kebo kwenye mkono wa kabureta, aivute peke yake kwa kidole. Mara nyingi atakuta uzito uko ndani ya kebo, na akiondoa springi atakuwa amewaachia mapindo ushindi. Wengine husema Beetle za zamani zilitoka kiwandani na springi moja zikatembea miaka mingi, hata zikashinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962 katika matope na mavumbi. Ni kweli. Lakini zilitembea na njia ile iliyonyooka, pedeli ya kiwandani na kabureta moja. Aliyebadilisha vyote vitatu hawezi kuomba dhamana ya kitu alichokwisha kukiondoa.

Pedeli nayo ina hesabu yake. Tuseme mkono wa kabureta una sentimita 4 na unazunguka nyuzi 80 toka kufungwa hadi kufunguka. Waya utatembea kama sentimita 5. Pedeli yenye urefu wa sentimita 24 ikishikwa na waya sentimita 8 kutoka kwenye egemeo lake, mguu utalazimika kutembea sentimita 15, mwendo ambao kisigino hakiwezi kuufuata bila kuinuka sakafuni. Waya ukishikwa kwenye sentimita 12, mguu hutembea sentimita 10, na kisigino kinabaki chini. Kisigino kubaki chini ni jambo zito kwenye mchanga, kwa maana gari linaruka na mguu unaoelea hukanyaga na kuachia bila hiari ya mwenyewe. Wasioogopa kuchimba tundu jipya kwenye pedeli hupata faida hiyo kwa dakika chache.

Kisha kuna kizuizi. Mtu aliyejikaza anaweza kuisukuma pedeli kwa nguvu ya kilo 50, na kwa mpango wa sentimita 24 kwa 12 waya hupata kilo 100. Bila kizuizi chini ya pedeli, nguvu hiyo yote huishia kwenye mkono mwembamba wa kabureta. Mkono hupinda, nyuzi za waya hukatika moja moja pale zilipobanwa na skrubu, na uzi mmoja uliofumuka unatosha kunasa kwenye mdomo wa ganda na kuzuia waya usirudi. Utaratibu wa Volkswagen yenyewe ni kwamba pedeli ikikanyagwa hadi mwisho, kati ya mkono wa kabureta na kikomo chake ibaki nafasi ya kama milimita 1. Kwa hiyo kazi huanza injini ikiwa imezimwa: mtu mmoja anakanyaga pedeli mpaka kwenye kizuizi, mwingine anabana skrubu akiiacha milimita hiyo. Pedeli ikiachiwa, waya uwe na ulegevu kidogo. Mwenye kabureta ya Solex yenye choki ya kujiendesha ahakikishe kwanza choki imefunguka kabisa, vinginevyo atapima juu ya ngazi ya injini baridi na injini ikipata moto kipimo kitakuwa kimehama. Na mngurumo wa injini isiyokanyagwa urekebishwe kwa skrubu yake kwenye kabureta. Anayeukaza waya ili injini isizime amekwisha kukizuia kilango kisifunge.

Wenye kabureta mbili wana mzigo zaidi. Kabureta hukaa mbalimbali, kila moja juu ya upande wake wa injini, zikiunganishwa kwa fito ndefu na vijiti vya kuupeleka mwendo chini kwenye kila kabureta. Injini hii ikipata moto hutanuka. Aluminiamu ya nusu mita ikiongezewa joto la nyuzi 80 hurefuka kwa karibu milimita 0.9, na ingawa injini hii ina chuma pia ndani yake, kabureta husogea kwa kiasi kinachotosha kuufungua upande mmoja kabla ya mwingine. Kwa hiyo ulinganifu hupimwa injini ikiwa ya moto, na vijiti vya pande zote mbili vikae kwa pembe moja. Kila kabureta ipewe springi yake, kwa sababu kijiti kikichomoka upande wa kushoto, springi ya kulia haiwezi kuufikia upande huo. Hatari iliyo kubwa kuliko zote iko kwenye pembe: kijiti na mkono vikifika kwenye mstari mmoja ulionyooka, springi haina tena mahali pa kushika, na mkono ukivuka mstari huo springi yenyewe itaushikilia wazi. Hakuna ukubwa wa springi unaoponya kosa hilo. Huponywa kwa kizuizi cha pedeli na kwa kuufupisha mwendo wa kijiti.

Limebaki pingamizi la wanaosema kwamba mafuta yakikwama, dereva ana klachi na ana ufunguo. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa gari hutembea karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde mbili za kushangaa na kutafuta ni zaidi ya mita 33, na kwenye matuta makubwa kama yale ya Glamis huko California, au ya Sharqiya nchini Oman, nyuma ya kilele kuna mteremko wa karibu nyuzi 34 usioonekana mpaka umefika. Klachi nayo huiondolea injini mzigo wakati kilango kiko wazi, na injini huzunguka kupita kiwango chake. Swichi ya kukata moto karibu na usukani ni ya lazima, lakini ni ya siku ambayo mengine yote yameshindwa. Kabla ya kuwasha injini, fundi aondoe springi ya kwanza, akanyage pedeli mpaka chini na kuiachia, asikilize kama kilango kinagonga kikomo chake. Airudishe, aondoe ya pili, arudie, kwa kila kabureta. Kisha auchomoe waya wenyewe na kukifungua kilango kwa mkono. Mahali popote kinaporudi kwa kusitasita, gari libaki juu ya jeki.