Mfuko Mmoja Karibu na Mlango

Akina mama wa Mbagala, Temeke, hawajaisahau Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009. Mabomu yalilipuka katika maghala ya jeshi mchana, wengi wakiwa kazini au sokoni na watoto shuleni. Watu walikimbia bila kujua waendako. Zaidi ya 20 walikufa, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 yakatokea yale yale Gongo la Mboto. Na Desemba ya mwaka huo huo mvua kubwa zililijaza bonde la Msimbazi, hata watu wakapanda juu ya mapaa kujiokoa.

Mpenzi msomaji, tunamwomba Mungu atuepushe na hayo. Hata hivyo, hatuna budi kujiandaa, kwani siku kama hiyo hakuna nafasi ya kupekua kabati. Tutakachookoa ni kile tulichokwisha kukifunga.

Uwe mwepesi

Tulipojaribu mara ya kwanza nyumbani, tulijaza unga, sufuria na nguo za kila mtu katika begi la safari. Tulipombeba mtoto mgongoni, hatukuweza hata kuliinua! Tukajifunza kwamba mfuko wa mama uwe wa kutundika begani, na begi la mgongoni alibebe baba au kijana mkubwa. Maji nayo ni mazito: dumu la lita 20 lina kilo 20. Inatosha kubeba dumu la lita 5 na vidonge vya kutibu maji.

Tuweke nini?

Kwanza, karatasi: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za kliniki na za bima, vyeti vya shule na nakala za vitambulisho. Tuzifunge katika nailoni mbili. Nguo hununuliwa tena, lakini cheti kilicholowa ni safari nyingi za ofisini.

Pili, afya: dawa za mwenye presha, kisukari au pumu, bendeji, sabuni, pedi na nepi. Tuongeze sukari, chumvi na kijiko kidogo. Baada ya mafuriko maji machafu huleta kuhara na kipindupindu. Mtoto akiharisha, tuchanganye lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku tukimpeleka zahanati.

Tatu, vya usiku: tochi na betri, kibiriti ndani ya nailoni, khanga mbili, biskuti, karanga na noti ndogo ndogo za fedha.

Si lazima kununua vyote kwa siku moja. Wiki hii sabuni, wiki ijayo betri. Tuutundike mfuko msumarini karibu na mlango. Tusiuweke uvunguni, maana maji huanzia chini. Masika na vuli zinapokaribia, tuufungue na kubadilisha dawa na chakula kilichokwisha muda.

Watoto wajue

Mfuko haumtafuti mtoto aliyepotea. Tukae na baba watoto tuchague mahali pawili pa kukutania: pamoja karibu na nyumba, na pengine mbali, penye mwinuko, kwa ndugu au kanisani. Mtoto mdogo tumfundishe kutaja majina kamili ya wazazi na mtaa wake, si "mama" na "baba" tu. Namba za simu tuziandike kwenye karatasi na kuishonea ndani ya sare yake ya shule, kwa kuwa simu huzimika. Tuandike pia 112 ya polisi na 114 ya zimamoto.

Jioni moja wiki hii, tuwaulize watoto mezani: "Tukipotezana, tutakutana wapi?" Wakijibu kila mmoja lake, basi kazi yetu ianzie hapo, kabla hata ya kununua betri.