Picha Zilizopotea kwa Kukosa Dawa

Mwaka 1802 Waingereza wawili, Thomas Wedgwood na Humphry Davy, walitangaza kuwa wamepata vivuli vya majani katika karatasi iliyopakwa dawa ya madini ya fedha. Ole wao! Vivuli hivyo viliweza kutazamwa kwa mwanga hafifu tu, kwani jua lingeifanya karatasi yote nyeusi.

La kusikitisha ni kwamba dawa ilikwisha kuandikwa kitabuni. Carl Wilhelm Scheele, muuza dawa wa Köping katika Uswidi, alieleza mwaka 1777 kuwa amonia huyeyusha kloridi ya fedha isiyopigwa na mwanga, bali ile iliyogeuka nyeusi huiacha. Wawili hao hawakuitumia. Scheele mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1786, akiwa na miaka 43.

Ndipo mwaka 1839 John Herschel alipozidumisha picha kwa chumvi nyingine, ambayo tabia yake aliivumbua mwaka 1819.