Picha ya Pande Tatu na Maradhi ya Kiungo cha Taya

Watu wengi wanajua kwamba baridi yabisi hushika magoti, nyonga na vidole. Kwamba hushika taya pia, ni wachache wanaojua. Mimi mwenyewe sikujua mpaka likizo iliyopita, nilipomkuta shangazi yangu amekwisha kung'olewa magego mawili na maumivu yangalipo. Mwishowe daktari mmoja alimwambia ya kuwa meno yale hayakuwa na kosa lo lote. Kilichoharibika ni kiungo cha taya. Niliporudi shuleni nilianza kutafuta habari za jambo hili.

Msomaji, weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa polepole. Utasikia kitu kama gololi kikisogea chini ya ngozi. Hicho ndicho kichwa cha mfupa wa taya, nacho hukaa katika kishimo cha fuvu. Kati yao pana kisahani chembamba kinachozuia mifupa isisagane. Kiungo hiki hakizunguki tu kama bawaba ya mlango: kinywa kikizidi kufunguka, kichwa kile huteleza mbele, kisha hurudi mahali pake. Kazi hiyo tunakipa kutwa, hasa siku za kande! Ugonjwa ukiingia, mfupa hulika na kupoteza umbo lake, na mgonjwa akitafuna husikia mkwaruzo kama wa mchanga. Na kwa kuwa kiungo kiko karibu na sikio na magego, ni rahisi kukosea mahali pa maumivu.

Basi kwa nini eksirei ya kawaida haitoshi? Miali iliyogunduliwa na Bwana Wilhelm Röntgen, Mjerumani, mwaka wa 1895, hupiga kivuli. Umeme ukikatika bwenini sisi hukunja vidole mbele ya mshumaa, na ukutani huonekana mbwa anayebweka. Atazamaye ukuta peke yake hawezi kujua vidole vimekaaje. Hali kadhalika kiungo cha taya, ambacho mifupa mingine ya fuvu hukiangushia vivuli vyake.

Njia ya kutoka katika shida hii ni kupiga picha nyingi kutoka pande zote. Bwana Godfrey Hounsfield, Mwingereza, alitengeneza mashine ya namna hiyo, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo London mwaka wa 1971. Yeye na Bwana Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Kwa taya siku hizi hutumika sana mashine ndogo zaidi, izungukayo kichwa cha mgonjwa ikipiga mamia ya picha. Kompyuta huzikusanya zikawa umbo moja lenye urefu, upana na kina, ambalo daktari aweza kuligeuza apendavyo.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kupima. Mgonjwa akipigwa picha leo na tena baada ya mwaka, kompyuta hulaza umbo moja juu ya jingine, ikifuata sehemu za fuvu zisizobadilika, kisha hutia rangi mahali mfupa ulipolika na mahali ulipoongezeka, hata kwa kadiri ya milimita moja au chini yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wamelinganisha hivyo taya za wagonjwa na za watu wazima wa afya, pamoja na vitu vilivyomo katika damu na katika ute wa kiungo.

Hata hivyo picha hizi hazionyeshi kile kisahani vizuri. Kwa hicho hutumika mashine ya sumaku. Tena, jambo lililonishangaza ni kwamba kulika kwa mfupa na maumivu haviendi pamoja siku zote. Wako ambao mfupa wao umelika sana wala hawaumwi, na wako wanaoumwa sana na mfupa wao ni mzima. Kwa hiyo daktari hana budi kuuliza na kupapasa.

Shangazi hajapigwa picha ya namna hii. Daktari alimshika taya, akasikiliza mkwaruzo, akamwagiza ale vyakula laini na kukanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto. Amepata nafuu, ila muwa hajaugusa.