Haki za Wazazi katika Shule za Marekani

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia sahihi sheria ya kuzisaidia shule zenye watoto wengi wa maskini. Tangu hapo Serikali Kuu hutoa fedha za nyongeza, juu ya zile zitolewazo na majimbo na wilaya. Lakini fedha hizo zina sharti: mzazi asiachwe nje ya mlango wa shule.

Kwa sheria hiyo, kama ilivyotengenezwa upya mwaka 2015, kila shule ipatayo msaada huo lazima iwaite wazazi mkutanoni kila mwaka na kuwaeleza haki zao. Shule na wazazi hupatana kwa maandishi kila upande utafanya nini ili mtoto afaulu. Mzazi aweza kuuliza kama mwalimu wa mwanawe ana cheti kitakiwacho. Wilaya ipatayo zaidi ya dola 500,000 hutenga angalau sehemu moja katika mia kwa kazi ya kuwashirikisha wazazi, nao hushauriwa juu ya matumizi yake.

Je, mzazi asiyejua Kiingereza? Sheria yataka aelezwe, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha aifahamuyo. Basi mama aliyehamia huko kutoka Kongo asione haya kuomba maelezo kwa Kiswahili. Barua ya shule ikija asiielewe, asiiweke kando. Aende akaulize, maana fedha zile zimetolewa kwa ajili ya mwanawe.