Jina Lako na Kilo Zako

Kwenye kaunta za ndege za Kanda ya Ziwa, begi la kutazama kwa makini ni lile dogo. Begi kubwa halinitishi. Najua lina nguo, lina mchele wa Kahama, lina michembe na matobolwa ya viazi vitamu, kwa sababu mama wa Kisukuma hamruhusu mwanawe kurudi Dar es Salaam mikono mitupu. Lakini kijana akiweka kwenye mizani kibegi cha mgongoni kilicholegea, mizani ikasoma kilo 9, hapo nasimamisha kila kitu.

Kuna mmoja namkumbuka vizuri. Nilimuuliza, "Kaka, ndani mna nini?" Akajibu, "Nguo tu, dada." Nikamwambia nguo haziwezi kuwa na uzito huo, naomba afungue mwenyewe. Akatoa soksi mbili zilizovalishwa moja juu ya nyingine, na ndani ya soksi chupa ya maji ya nusu lita, mfuniko umezungushiwa selotepu. Ilikuwa zebaki. Chupa ya namna hiyo ikijaa maji ina nusu kilo. Ikijaa zebaki inakaribia kilo 7. Alikuwa anakwenda Chunya, kwenye machimbo, na huko aliambiwa zebaki ni ghali.

"Lakini dada, hii haiwaki moto. Siyo petroli," alisema, na alisema kwa adabu, hakuwa mtu wa kubishana. Nikamuuliza kama anavaa pete ya dhahabu anapokamatisha dhahabu kwa zebaki. Akasema hapana, huivua, maana zebaki ikiigusa pete inaila na kuigeuza nyeupe. Basi nikamweleza kwamba ndege imejengwa kwa aluminiamu, na zebaki inaila aluminiamu vibaya zaidi. Aluminiamu ina utando mwembamba sana unaoilinda. Pakiwa na mkwaruzo, tone la zebaki likapenya, aluminiamu inaanza kumumunyuka na kuwa unga mweupe, na tone lenyewe haliishi, linaendelea kula. Chupa ikipasuka kwenye shehena, ndege hairuki tena mpaka mafundi wahakikishe kila tone limepatikana. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimwita afisa usalama kama utaratibu unavyotaka, chupa ikabaki, yeye akasafiri.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu watu wengi wanadhani kazi ya kupokea abiria ni kuvaa sare, kupaka rangi ya mdomo na kuchapa karatasi. Karatasi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Mimi ni binti wa Kahama. Nilianza kazi kwenye kiwanja cha vumbi kilichokuwa kikipokea ndege ndogo za wafanyakazi wa mgodini, nikahamia Mwanza, na sasa niko uwanja wa Geita, ule uliojengwa Chato, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3. Kote huko, kompyuta ikiwepo au isiwepo, kazi imekuwa ni ile ile: kujua kwa uhakika nani anapanda, na ndege inabeba kilo ngapi.

Ukanda huu una historia yake ya ndege, na historia hiyo imechimbwa ardhini. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na mgodi ukawa na kiwanja chake. Geita Gold Mine ilipoanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, nayo ilikuwa na viwanja vyake. Kwa hiyo katika vijiji vinavyozunguka migodi kuna wazee ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa ndege wa serikali lakini wamezoea kuona ndege zikitua karibu na mashamba yao ya pamba. Sasa watoto wao ndio wanaokuja kaunta na tiketi waliyoikata kwenye simu.

Kwenye viwanja vidogo ndiko nilikojifunza uzito maana yake nini. Ndege ya Cessna Caravan inachukua abiria kumi na kidogo, na kwa ndege kama hiyo hatukadirii. Abiria mwenyewe anapanda mizani, na viatu vyake vya kazi miguuni, kisha begi lake. Wanaume wa mgodini walikuwa wanacheka wakipanda. Kina mama walikuwa wanaona aibu, na sikuwalaumu. Mkuu wangu wa kazi alinifundisha kuandika namba bila kuitamka na kuigeuza karatasi kifudifudi mpaka wote waishe. Niliishika desturi hiyo, na nimewafundisha wengine. Namba ile ni ya rubani, haina haja ya kusikika na foleni nzima.

Rubani anaihitaji kwa sababu ndege inainuliwa na hewa, na huku kwetu hewa si nzito kama ya Dar es Salaam. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko ni nyepesi, na jua la saa nane mchana linaifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege ile ile, injini zile zile, hapa itahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kupaa, na huenda ikalazimika kupunguza mzigo. Tena siyo jumla ya kilo peke yake. Mzigo ukilalia nyuma mno au mbele mno, ndege inakuwa ngumu kuongozwa. Ndiyo maana siku nyingine ndege ina viti vitupu na bado naombwa niwahamishe watu wakae mbele au nyuma. Abiria anakasirika, anadhani nimempa kiti chake mtu ninayemfahamu. Sivyo. Kwenye ndege kubwa abiria huhesabiwa kwa uzito wa wastani, hapimwi mmoja mmoja, lakini kila begi linapimwa, na kilo nilizoandika ndizo zinazoingia kwenye karatasi ya mizania anayoisaini rubani. Nikikuhurumia kilo 10 bila kuziandika, nimemdanganya mtu atakayerusha roho za watu.

Samaki ni habari nyingine. Kanda ya Ziwa hatusafiri bila sato au sangara, na sitaki tuache. Ninachoomba ni kufunga. Samaki wa barafu akiwekwa kwenye boksi la karatasi, akafika Dar akiwa amevuja kwenye begi la mwenzako lenye vyeti vya shule, hasara hiyo hailipiki. Mgandishe kabisa, mfunge kwenye nailoni nzito mara mbili, muweke kwenye ndoo au boksi gumu lenye mfuniko. Wafanyabiashara wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, wanajua kufunga kuliko watu wote, kwa sababu mabondo yana bei, na wamezoea kuyafikisha mbali. Tukitoka kwenye samaki, betri za akiba na pawabenki ziwe mkononi, usiziweke kwenye begi la kwenda chini. Betri ikishika moto ndani ya chumba cha abiria, wahudumu wanaiona na wana namna ya kuizima. Ikishika chini kwenye mizigo, hakuna anayeiona. Nawaambia hasa wachimbaji wenye kurunzi za kichwani na mashine za kutafutia dhahabu, maana betri zao ni kubwa. Baruti, fataki zake na sianidi hazifiki hata mlangoni.

Na dhahabu? Dhahabu yenye karatasi zake inasafiri. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, mfanyabiashara anajua auzie wapi na atoke na nyaraka gani. Ukaguzi wa nyaraka hizo una wenyewe. Mimi ninalolifanya ni kuhakikisha mzigo huo hauendi chini na mabegi mengine, na kunyamaza. Mtu akinionyesha karatasi yenye idadi ya gramu, siisomi kwa sauti. Foleni ina masikio, na barabara ya kurudi nyumbani ni ndefu.

Sasa jina. Huku kwetu majina yanaanza na Ng'w, yanaanza na Bh, na yanaandikwa kila mtu kwa namna yake. Ng'wandu kwenye kitambulisho cha NIDA anaweza kuwa Ngwandu kwenye tiketi, na mjukuu aliyemkatia babu yake tiketi kwa simu akaandika Mwandu, kwa sababu ndivyo walivyomwandika shuleni. Mfumo wa tiketi haupokei ile alama ya juu. Hiyo haina shida, tunaielewa. Shida inakuja jina linapokuwa jingine kabisa. Mzee anasimama mbele yangu na kofia yake mkononi, tunasalimiana, "Mwangaluka, guku," anaitikia, halafu natazama tiketi naona jina la ubatizo ambalo halimo popote kwenye kitambulisho chake. Hapo sina haraka. Namkalisha, nampigia mjukuu, shirika linarekebisha jina kama utaratibu unaruhusu. Kijana aliye nyuma anaguna kwamba wote tunamwona mzee ni mtu mwema, apite tu.

Simpitishi, na sababu yake iko ndani ya ziwa hili hili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Meli ilikuwa na idhini ya kubeba abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Mamia walikufa, na mpaka leo hakuna anayeweza kutaja idadi yao kamili. Wako walioliliwa kwao bila jina lao kuandikwa mahali popote. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa kwenye kivuko kilichotakiwa kubeba 100. Tena watu wakahesabiana ufukweni kwa kuulizana nani hajaonekana.

Tarehe 6 Novemba 2022, siku ya Jumapili, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Siku ile ile nchi ilijua kwamba ndani walikuwamo watu 43: abiria 39, marubani 2 na wahudumu 2. Wavuvi waliowahi na mitumbwi, na waokoaji waliofuata, walikuwa wanatafuta hesabu inayojulikana. Waliookoka walikuwa 24, waliokufa 19. Hakuna familia iliyokaa majuma ikijiuliza kama mtu wao alikuwemo. Orodha ile haikuokoa uhai wa mtu, najua. Lakini kuna mtumishi mwenzangu, kwenye kaunta asubuhi hiyo, aliyetazama kila kitambulisho na kila uso, na kazi yake ilisimama imara siku mbaya kuliko zote. Tangu siku hiyo mtoto mchanga, ambaye hana kiti chake, nikimwandika kwenye orodha namtazama mara mbili. Hata anayebebwa mgongoni lazima awe na jina kwenye ile karatasi.

Kuhusu muda, nitasema kifupi. Kaunta hufungwa dakika 40 au 45 kabla ya ndege kuondoka, kutegemea shirika, kwa sababu baada ya abiria wa mwisho ndipo kilo zinajumlishwa, mabegi yanapakiwa na karatasi ya rubani inaandaliwa. Nilipokuwa Mwanza, asilimia kubwa ya vilio vya kuchelewa vilitoka upande wa Geita, na kosa halikuwa la abiria: kivuko cha Kigongo–Busisi kingeweza kula saa mbili zake, akiwa anaiona Kigongo ng'ambo. Daraja la J.P. Magufuli lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, mtu akaanza kuvuka kwa dakika chache. Kwa mtu wa kaunta hilo lilikuwa jambo kubwa. Nimemwona mama wa Katoro akifika mapema mpaka akapata nafasi ya kunywa chai.

Ninapowaza ya mbele nawaza Ibadakuli, uwanja wa Shinyanga mjini, ambao serikali imekuwa ikiujenga upya kwa lami. Kwa sasa mtu wa Shinyanga anakwenda kilomita 160 hivi mpaka Mwanza kutafuta ndege. Uwanja ule ukianza kuhudumia abiria kwa ratiba, kaunta zake zitahitaji watu, na mashirika yatafanya vizuri yakiwatafuta vijana wa hapo hapo, yakawapeleka kozi za bidhaa hatari na mizania ya ndege, yakawarudisha. Msichana wa Kishapu atamwelewa bibi asiyejua Kiswahili vizuri akisema dawa ya macho iko kwenye begi lililokwisha kwenda chini, na atalirudisha kabla mlango haujafungwa. Kijana aliyekulia kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu ya Mwime atajua kibegi kizito kina nini kabla hakijafika kwenye mashine. Barua yangu ya kuomba kuwafundisha nimeshaiandika, na nimeambatanisha vyeti vyangu vyote.