Fahamu: Jibwa la Baskerville na Mzimu wa Watu wa Kale

Msafiri atokaye Dar es Salaam akafika Mikese, penye reli na barabara kuu, akaiona milima ya Uluguru imejitanda ukungu, naye amepata kusikia habari za Kolelo, mzimu wa pangoni waliouadhimisha Waluguru, hahitaji sharhi ndefu kufahamu kwa nini filamu ya kale ya Kiingereza, The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1959, ingali ikitia hofu.

Filamu hiyo ya kampuni ya Hammer, iliyoongozwa na Terence Fisher, Peter Cushing akiwa Sherlock Holmes, ndiyo ya kwanza ya mpelelezi huyo kupigwa kwa rangi. Asili yake ni riwaya ya Arthur Conan Doyle, iliyotolewa gazetini kati ya 1901 na 1902, ambamo laana ya ukoo na jibwa la kutisha hudhihirika kuwa ni hila ya binadamu mwenye tamaa ya urithi.

Kwetu, njia hiyo aliifuata Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar: Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya 1957–58 na kuchapishwa 1960, humleta Bwana Msa, mvuta kiko kama Holmes, pamoja na sahibu yake Najum, ili akili, wala si ramli, ifumbue siri ya mauti ya Bwana Ali. Kwa dhana yangu, na bila kumvunjia Cushing heshima, Bwana Msa ana ladha zaidi. Basi msomaji, anza na kitabu. Filamu itazame baadaye, usiku, taa zimezimwa.